Mtoto Aliyelala Barazani kwa Bi Ulfa

Siku Badrani alipomwona Bi Turfa kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa ameshika ndoo tupu na alikuwa anatafuta kichwa cha kuipigia. Badrani hakuwa amemaliza hata wiki katika chumba cha tanuri, chini ya hamamu, nyumba ya kuogea ya mtaa wa Salihiya, pale mlimani juu ya Dameski. Alikuwa kijana wa vijiji vya Haurani, mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Kazi ya kuchochea moto aliichagua kwa sababu aliambiwa mtu anaweza kuifanya mwaka mzima bila kuzungumza na yeyote. Hakuna aliyemwambia habari za Bi Turfa.

"Wewe ndiye mchochea moto mpya?"

Badrani akaitikia kwa kichwa.

"Unachochea nini huko, barafu? Nina mke wa kadhi juu, ameshapakwa udongo wa nywele, anatetemeka kama kuku aliyenyonyolewa. Una ulimi?"

Akaitikia kwa kichwa tena.

"Basi uhifadhi vizuri usije ukachakaa."

Akapanda ngazi zake. Badrani akatupia tanurini samadi kavu ya kutosha, mke wa kadhi akaacha kutetemeka, na hapo ukaanza urafiki wa maisha, ingawa Bi Turfa hakuwahi kuuita hivyo. Yeye alimwita "wewe bubu", na siku akiwa na furaha, "mwanangu bubu".

Bi Turfa binti Labbad alikuwa mwogeshaji. Baba yake alitengeneza mazulia ya manyoya yaliyoshindiliwa, na yeye alirithi ile mikono ya kushindilia. Mwanamke akitoka mikononi mwake alikuwa mwekundu, msafi na mwenye kutubu. Aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza alikufa; wa pili yeye mwenyewe alimrudisha kwa mama mkwe akiwa mzima, jambo ambalo Bi Turfa alilihesabu kuwa wema. Kina mama waliokuwa wakitafuta wachumba kwa ajili ya wana wao walimjia kumuuliza kuhusu wasichana wa mtaa, nani ana mgongo ulionyooka na nani ana kovu, maana yeye ndiye aliyewaona wote walivyoumbwa. Kwa hiyo nusu ya ndoa za Salihiya zilipita kwake, na nusu nyingine zilikwama kwake. Malipo yake aliyapenda yakiwa halua ya ufuta.

Sasa, ili mtu aelewe yaliyotokea baadaye, lazima ajue ugonjwa wa watu wa Salihiya. Mtaa ule umejaa wanazuoni kama viroboto kwenye mkeka, na kila mwanazuoni hutaka habari yake imfikie kwa midomo michache iwezekanavyo. Mimi nimesikia kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa mwenyewe. Kadiri midomo inavyopungua ndivyo bei ya habari inavyopanda. Sasa watu wakatafuta njia ya mkato. Mzee maarufu akikaribia kufa na akaweka baraza la kusoma, wazazi humbebea watoto wachanga mbio mbio. Mwandishi wa baraza huandika majina ya waliokuwapo, na mwishoni huandika: na fulani mwana wa fulani, wa mwaka wake wa pili, alihudhuria. Mtoto ananyonya, analia, anajikojolea, anarudishwa nyumbani. Lakini miaka themanini baadaye, akijaliwa kuishi, wote wengine watakuwa makaburini, na yeye atakuwa ndiye pekee aliyesikia kwa mwenyewe. Hapo wanafunzi watakuja kutoka Kairo na Halabu kumwinamia, hata kama katika maisha yake yote amejua kuuza turnipu tu.

Baba yake Bi Turfa hakujua kusoma hata herufi moja, lakini aliona majirani wamebeba watoto wao na hakutaka wa kwake abaki nyuma. Siku hiyo mwenye baraza alikuwa mwanamke, Bi Ulfa binti Sarraj, mshairi, wakati huo bado hajazeeka, aliyekuwa akisoma utenzi wake mrefu wa kumsifu Mtume. Mwandishi akaandika: na Turfa binti Labbad, wa mwaka wake wa tatu, alihudhuria. Kwa jinsi familia ilivyosimulia, alilala kuanzia bismillahi hadi amina, ila mara moja tu alipoamka kulichafua joho la mpokezi mmoja mashuhuri wa hadithi za Mtume.

Utotoni ndivyo alivyokutana na Bi Ulfa. Alipokuwa mtu mzima alikutana naye vingine kabisa, uchi, mara moja kila wiki, kwa miaka mingi.

Bi Ulfa alikuja hamamu alasiri, wakati wenye haraka wameshaondoka. Alikuwa mzee tayari, mjane, anaishi nyumbani kwa mpwa wake aitwaye Shihabi, mtu mwenye joho zuri na mwandiko mzuri zaidi. Nyumbani kwa Shihabi kulikuwa na watoto, wake na wageni, na mshairi hakuwa na pembe ya kukaa akafikiri. Hivyo mashairi yake aliyatungia katika chumba cha joto, akiwa amekaa juu ya jiwe, akigonga kopo la shaba kwa ukucha ili apate mapigo. Mstari ukikamilika aliusema, na Bi Turfa, huku akimsugua mgongo, aliurudia kwa sauti.

"Nishikie huo, Turfa."

"Nimeushika, Bibi. Lete mwingine."

Baadaye Bi Ulfa alijikausha, akaenda nyumbani, akamsomea Shihabi, na Shihabi akaandika kwa ule mwandiko wake. Ikitokea mshairi amesahau mstari njiani, alimtuma mtumishi hamamu kuja kuuchukua kwa Bi Turfa, kama mtu anayefuata sabuni aliyoisahau.

Kati ya chumba cha joto na chumba cha tanuri palikuwa na tundu lililoshuka ukutani, kubwa kiasi cha ngumi. Fundi aliliacha makusudi ili mwogeshaji aweze kupiga kelele kwa mchochea moto. Kwa lile tundu Bi Turfa aliita "Ongeza moto!" au "Punguza, unatupika!", na hakuna mwanamke aliyeona haya, kwa sababu kwao mchochea moto alikuwa sehemu ya tanuri. Tanuri halina masikio.

Badrani alikuwa nayo. Hakuangalia, tundu lilipinda na hata angetaka asingeona kitu, na kutaka kwenyewe kungemuua kwa aibu. Lakini kila alasiri ile ya wiki ilipofika na kopo likaanza kugongwa, alisimama na koleo mkononi, mdomo wazi, akisikiliza. Hakuwa amewahi kusikia maneno yakipangwa hivyo. Alipokuwa peke yake aliyarudia kimoyomoyo huku akichambua samadi, ya ng'ombe upande huu na ya punda upande ule, kwa maana haziwaki sawa.

Shairi la mwisho la Bi Ulfa lilikuwa fupi. Lilisema:

Ewe mvuke nifunike, nivue yangu mashaka,
hapa sote tuko uchi, hayupo wa kunicheka;
walonichoma moyoni, majoho walijivika.

Shihabi alikataa kuliandika. Alisema halifai kwa mwanamke wa umri wake, na halifai kwa familia, na akaangalia joho lake. Bi Ulfa alimsimulia Bi Turfa hayo wiki iliyofuata huku akicheka mpaka kopo likamtoka mkononi. "Basi wewe nishikie, Turfa. Hili nishikie moja kwa moja." Kabla ya wiki nyingine kuisha Bi Turfa aliitwa nyumbani kwao kumwosha kwa mara ya mwisho, na safari hiyo hakukuwa na wa kumpa mstari.

Miaka ikapita. Shihabi naye akafa, akaacha wana watatu na masanduku ya mashairi yenye mwandiko wake. Wale wana waliangalia mwandiko, wakaangaliana, wakaanza kusema mtaani kwamba kwa kweli mashairi yale aliyatunga baba yao. Shangazi yake mzee alipewa heshima ya mtunzi tu, kwa upole, kwa kuwa alikuwa mjane mcha Mungu aliyependa sana kuoga. Habari hiyo ilipofika hamamu, Bi Turfa aliendelea kusugua. Ila mke wa mwana mkubwa wa Shihabi alipokuja kuoga wiki ile, alisuguliwa kwa namna ambayo alilala kifudifudi siku kadhaa.

Bi Turfa alipokuwa amepita sabini na mikono yake imeanza kugoma, na Badrani ndevu zake zimeanza kupata majivu ambayo hayakutoka tanurini, ndipo Shehe Ibn Mufarriji alipokuja.

Shehe huyu alikuwa akiandika kitabu cha watu mashuhuri wa zama zake, mabuku manane, na wanawake wote amewapanga nyuma ya buku la mwisho, kama viatu mlangoni. Alifika kwa Bi Ulfa akakwama. Mbele yake alikuwa na maneno ya wana wa Shihabi na mwandiko wa baba yao, na hakuna kingine. Akapekua karatasi za mabaraza ya zamani, akakuta lile baraza la utenzi, akapita jina baada ya jina: amekufa, amekufa, amekufa, alikufa kwa tauni, amekufa. Mwisho kabisa wa karatasi akamkuta Turfa binti Labbad. Akauliza mtaani. Akaambiwa yu hai, yuko hamamu.

Alikimbia. Wanafunzi wakakimbia nyuma yake. Mtu aliyesikia kwa mshairi mwenyewe, mdomo mmoja tu katikati! Kwa furaha hiyo hakuna aliyekumbuka kuuliza leo ni siku ya nani. Pazia lilikuwa limetundikwa mlangoni, alama ya siku ya wanawake ambayo kila mtoto wa Dameski anaijua, lakini Shehe alikuwa na elimu nyingi kuliko mtoto. Akaingia. Mayowe yaliyofuata yalisikika mpaka tanurini, na Badrani akadhani bomba limepasuka.

"Wanaume! Wanaume!"

"Mimi ni mwanazuoni!" Shehe alipaza sauti akiwa amefunika uso kwa kilemba.

"Basi toka kwa elimu!" ikajibu sauti ya Bi Turfa, na ndoo ikaruka.

Walikubaliana kukutana asubuhi, kabla moto haujashika, katika ukumbi wa kuvulia nguo wenye chemchemi katikati. Bi Turfa akakaa kwenye benchi, amejitanda shuka jeupe, ana bakuli la halua pembeni. Badrani aliamriwa asimame mlangoni na mtungi wa maji. Utenzi ulikuwa mrefu, hivyo ungesomwa asubuhi mbili. Utaratibu wenyewe ni kwamba mwanafunzi anasoma, na aliyesikia anatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo alivyosikia.

"Lakini Shehe," alisema Bi Turfa, "nilikuwa mtoto mchanga. Nililala."

"Mashaallah, unyenyekevu!" Shehe akasema, na mwandishi akaandika: mnyenyekevu.

"Sikumbuki hata neno."

"Na mcha Mungu," akasema Shehe.

Wakasoma. Bi Turfa akatikisa kichwa, wakati mwingine kwa kukubali na wakati mwingine kwa usingizi, na yote yakaandikwa sawa. Majirani waliposikia sifa zake walikuja na watoto wao wachanga, wakawapanga mstari wa mbele. Mmoja alilia tangu mwanzo hadi mwisho, na mwandishi akamwinamia mama yake kuuliza jina.

"Yule naye amenisikia?" Bi Turfa akauliza.

"Amekusikia, Bibi. Atapokea kwako."

"Maskini. Mimi mwenyewe sikujisikia."

Waliposimama kupumzika, Bi Turfa alifuta halua vidoleni, akamwambia Shehe jambo alilokuwa amelihifadhi. Alimwambia alivyosikia kwa masikio yake, akiwa mwanamke wa makamo mwenye akili zake zote, jinsi Bi Ulfa alivyotunga mstari kwa mstari juu ya jiwe la ndani, na jinsi Shihabi alivyoandika tu alichosomewa.

Shehe alimsikiliza kwa adabu. Kisha akafunga kidau cha wino.

"Hilo siwezi kuliandika, Bibi."

"Kwa nini?"

"Hamamu si mahali pa kupokelea habari. Ni mahali pa uchafu. Hakuna mwanazuoni anayepokea kitu kilichosemwa hamamu." Alisema hivyo akiwa ameegemea nguzo ya hamamu, amevua viatu. "Halafu ulikuwa peke yako. Nani mwingine alikuwapo?"

"Wanawake, Shehe, wamevua nguo. Nikutajie majina? Mama yako alikuwa mmoja wao."

Wanafunzi wakaangalia chini, kila mmoja akichunguza tofali lake.

"Nitaandika utenzi kuwa wake, kwa kuwa aliusoma barazani," Shehe akasema, masikio yakiwa mekundu. "Lakini kuhusu mashairi mengine nitaandika kwamba inasemekana yalitungwa na mpwa wake. Mpaka apatikane mtu aliyekuwapo barazani na akasikia kinyume chake. Kesho tunamaliza. Keshokutwa buku linakwenda kwa mnakili, na likishanakiliwa, basi."

Alasiri ile Bi Turfa alishuka ngazi za tanuri, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamelikataza tangu zamani. Akaketi juu ya rundo la samadi kama kwamba ni zulia la baba yake.

"Unajua wanamwandikaje? Inasemekana. Mwanamke amekaa juu ya jiwe mpaka makalio yakawa bapa, ili aje aitwe Inasemekana! Na wale watoto wa Shihabi, hata kuoga wenyewe hawajui."

Badrani akaacha koleo. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Yote. Kwa tundu."

"Najua."

Badrani akatamani kuingia tanurini afunge mlango.

"Wewe bubu, unadhani mimi mjinga? Kila Bi Ulfa akianza kutunga, maji yalipoa. Akimaliza, yalichemka. Nikajua kuna mtu amesimama na koleo mkononi. Kwa nini unadhani nilikuwa narudia kwa sauti vile? Masikio yangu ni mazima."

Badrani akaliokota koleo lake.

"Nitamwambia Shehe," Badrani akasema. "Kesho."

"Umwambie nini? Wewe unachochea mavi. Ushahidi wako hata kadhi haupokei. Kazi yako inanuka kuliko maneno yako. Na watakuuliza ulisikiaje, nawe utasema nilikuwa nasikiliza wanawake wakioga. Msimamizi wa soko na adabu za mji atakupandisha punda, uso mkiani, akuzungushe mji mzima. Kisha wataziba tundu, na wateja wangu wataoga maji baridi. Nyamaza. Umekuwa ukinyamaza vizuri maisha yako yote, usije ukaharibu sasa."

Lakini kesho yake Badrani alikuja ukumbini ameoga. Nywele zimechanwa, kanzu ya Idi mwilini, mtungi mkononi. Bi Turfa alimwona tangu mlangoni, akaacha kutafuna.

Sehemu ya pili ya utenzi ikasomwa. Watoto walikuwa wengi zaidi ya jana. Mmoja alikuwa ameletwa na kitanda chake. Waliposema amina, Shehe akachovya kalamu, akauliza kwa sauti ya baraza: "Je, kuna yeyote hapa mwenye habari juu ya mashairi mengine ya Bi Ulfa, nani aliyeyatunga?"

Alikuwa anauliza kwa kawaida tu, akiwa ameshaanza kuandika lile neno lake. Badrani akasogea hatua mbele. Watu wakageuka. Hakuwa amewahi kuangaliwa na watu wengi hivyo kwa pamoja, na uso wake ukawa kama tanuri lililofunguliwa.

"Mimi," akasema. "Mimi huko chini, nili..."

"Badrani, hakuna aliyeomba maji! Rudi mlangoni," Bi Turfa akakata, kwa ile sauti ya kupitia tundu, na miguu ya Badrani, iliyozoea kuitii kwa miaka yote, ikarudi yenyewe. "Shehe, nimekumbuka."

Kalamu ikasimama.

"Umekumbuka nini, Bibi?"

"Baraza lile. Unyenyekevu wangu ulikuwa umenizidi. Nilikuwa nimekaa kwenye paja la baba, mwaka wangu wa tatu. Bi Ulfa alipomaliza utenzi, kijana mmoja akamuuliza, 'Bibi, na mashairi yako mengine?' Naye akasema, nilimsikia kwa masikio haya: 'Mashairi yangu yote nayatunga mimi kwa ulimi wangu. Mpwa wangu Shihabi ni kalamu yangu tu, na kalamu haitungi.'"

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Shehe machozi yalimlenga. Mwanafunzi mmoja tu, kijana mwembamba aitwaye Taqi, aliyekuwa na tabia mbaya ya kufikiri, akainua kidole.

"Shehe, wa mwaka wa tatu huandikwa kuwa alihudhuria. Haandikwi kuwa alisikia. Kusikia ni kuanzia miaka mitano."

"Wengine wamesema," akajibu Shehe, ambaye hakuwa tayari kupokonywa mdomo wake mmoja, "kwamba umri si hoja. Hoja ni ufahamu. Mtoto akiweza kutofautisha ng'ombe na punda, kusikia kwake ni sahihi." Akamgeukia Bi Turfa, kalamu juu. "Bibi, jibu kwa kumcha Mungu. Katika umri ule, uliweza kumtofautisha ng'ombe na punda?"

Bi Turfa aliangalia kilemba cha Shehe, akaangalia wanafunzi mmoja mmoja, hakumruka hata mmoja.

"Wakati ule niliweza vizuri, Shehe. Siku hizi ndiyo napata taabu."

Mwandishi akaandika: Aliweza.

Badrani, aliyeweza kuwatofautisha hata kwa kinyesi chao, alibaki mlangoni amekumbatia mtungi. Watu walipoondoka na watoto wao waliosikia, alimsogelea.

"Bi Turfa, umeapa kwa uongo."

"Sikuapa. Nimesema." Akachukua kipande cha mwisho cha halua. "Wameniandika kuwa nimepokea beti mia mbili nikiwa usingizini, hilo sawa. Mimi nimeongeza sentensi moja, tena ya kweli, hiyo ndiyo iwe dhambi? Kweli ya hamamu hawaitaki, nikaitoa hamamu nikaivalisha nguo, nikaipeleka barazani. Hayo tu. Na wewe, nani alikutuma uvae kanzu ya Idi?"

Badrani akaikung'uta kanzu.

"Umependeza," akasema Bi Turfa, kama anayemlaumu.

Kitabu kikanakiliwa. Bi Ulfa alipata mistari minne na nusu nyuma ya buku la nane, baina ya mke wa amiri aliyejenga chemchemi na mwanamke aliyefunga sana: mshairi, mashairi yake ni ya ulimi wake mwenyewe, kwa habari aliyoipokea Turfa mwenye kumbukumbu tangu uchanga wake. Wana wa Shihabi walinung'unika, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameletwa barazani akiwa mchanga, kwa hiyo hawakuwa na hoja. Yale maisha mengine ya Bi Turfa, miaka hamsini ya ndoo, migongo na ndoa, hayakuandikwa popote. Hayakuwa na mdomo wa kuyapokea.

Aliishi misimu michache zaidi akiwa sheikha, shehe wa kike. Watu walimletea watoto, akawatikisia kichwa. Halua iliongezeka. Kisha baridi moja ikamshika kifuani, akalala katika chumba chake juu ya ghala la kuni. Kila mchana Badrani alipanda na bakuli la maharage yaliyopikwa kwenye majivu ya tanuri, akaliweka kizingitini, akakaa hapo hapo nje ya mlango, kwa adabu, akiangalia ukuta.

Siku moja Bi Turfa hakula. Alikuwa amegeuza uso upande wa mlango.

"Lile la mvuke," akasema. "Unalo bado?"

"Ninalo."

"Lilete. Kwa sauti. Leo hakuna anayeoga."

Badrani hakuwa amewahi kulitoa mdomoni. Alilisema kwa mara ya kwanza huku akiutazama ukuta, na alipofika kwenye majoho akajikwaa, akarudia mstari ule mpaka ukakaa sawa. Kutoka ndani akasikia ukucha ukigonga ubao wa kitanda, ukifuata mapigo. Kisha ukanyamaza. Alidhani amelala, akainuka polepole kuchukua bakuli.

"Badrani."

"Naam, Bi Turfa."

"Wakija kukuuliza, waambie ulikuwa na miaka miwili. Na ulikuwa umelala."